Anatajwa Kila Siku, Haonekani Hata Mara Moja

Msomaji mpendwa, je, umewahi kusoma riwaya au kutazama mchezo wa televisheni ambamo kuna mtu anayetajwa tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mwenyewe hatokei? Kila mmoja anazungumza habari zake. Tunajua anapenda nini, anaumwa nini, na jana alimkasirikia nani. Tunangoja mlango ufunguliwe aingie. Hadithi inakwisha, naye hajaingia.

Wahusika wa namna hii wapo wengi, na wengine wamekuwa mashuhuri kuliko wale tunaowaona. Tumeona yafaa tuwatazame mwezi huu kwa sababu mbili. Kwanza, tukianza kuwahesabu tunagundua jambo ambalo sisi akina mama hatuwezi kulipita hivi hivi: wengi kati yao ni wake wa watu. Pili, hata katika nyumba zetu wamo watu wanaotajwa sana na kuonekana kidogo, na namna tunavyowataja ina matokeo.

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hebu tuone jinsi methali hiyo inavyofanya kazi.

RAFIKI WA BIBI GAMP

Tuanze na habari inayotugusa sisi wauguzi. Kati ya Januari 1843 na Julai 1844, mwandishi Mwingereza Charles Dickens alitoa riwaya yake Martin Chuzzlewit, sehemu moja kila mwezi. Ndani yake yumo Bibi Sairey Gamp, mwanamke mnene wa mjini London ambaye kazi yake ni kukesha na wagonjwa, kuzalisha akina mama na kuandaa maiti. Siku zile kazi hiyo haikuwa na masomo. Shule ya wauguzi ya Florence Nightingale, katika hospitali ya St Thomas' mjini humo humo, ilifunguliwa mwaka 1860. Bibi Gamp hana cheti, na tena anapenda pombe kali. Hutaka chupa iwekwe karibu, ili aonje pale anapojisikia.

Bibi huyu ana rafiki aitwaye Bibi Harris. Hakuna mazungumzo ambayo Bibi Harris haingizwi. Kila mara rafiki huyo amesema kwamba hakuna muuguzi mwaminifu kama Bibi Gamp, kwamba hanywi kupita kiasi, kwamba malipo anayodai ni madogo mno kwa kazi anayofanya. Lakini majirani hawajamwona huyo Bibi Harris, wala hawajui anakoishi. Siku moja wakiwa mezani, muuguzi mwenzake aitwaye Betsey Prig anagombana naye, kisha anatamka kwamba haamini kama mtu huyo yupo. Bibi Gamp anaghadhibika kuliko ambavyo angeghadhibika kama angetukanwa yeye mwenyewe.

Kwa nini achukie kiasi hicho? Kwa sababu Bibi Harris ndiye cheti chake. Mwanamke huyu hana shule aliyosoma wala mkubwa wa kumshuhudia, basi amejitengenezea shahidi. Tunamcheka, lakini mwishoni tunamwonea huruma kidogo.

Ndugu wa Bibi Harris tunamkuta katika mchezo wa Oscar Wilde uitwao The Importance of Being Earnest, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 14 Februari 1895. Kijana Algernon ana rafiki yake wa shamba aitwaye Bunbury, ambaye ni mgonjwa wa kudumu. Kila shangazi yake Algernon anapomwalika chakula asichokitaka, Bunbury anazidiwa ghafla. Bunbury hayupo, amebuniwa awe udhuru. Nadhani kila msimamizi wa kazi anamfahamu Bunbury. Ni yule bibi wa kijijini aliyefariki mara tatu katika mwaka mmoja.

WAKE AMBAO HATUJAWAONA

Sasa tuje kwenye televisheni. Watu wa nchi nyingi wamemtazama mpelelezi Columbo, aliyeigizwa na Peter Falk katika filamu ya mwaka 1968, kisha katika mfululizo ulioanza mwaka 1971 na kuendelea, kwa vipindi, hadi mwaka 2003. Columbo huvaa koti lililokunjamana na kuuliza maswali kama mtu mzito wa kuelewa. Kila anapomhoji mshukiwa humtaja mke wake: mke wangu anapenda sana nyimbo zako, mke wangu atafurahi nikimwambia nimefika hapa. Mshukiwa anamwona ni baba wa nyumbani tu asiye na hatari, anajisahau, anateleza. Mama huyo hakuonekana katika mchezo ule hata siku moja. Mwaka 1979 watu wa televisheni walijaribu kumtoa sirini kwa kutengeneza mchezo mwingine wenye jina lake. Ulibadilishwa jina na kukoma mwaka 1980. Kila mtazamaji alikuwa na Mama Columbo wake kichwani, na yule aliyeletwa hakufanana na wa mtu yeyote.

Katika mchezo wa Cheers, ulioonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1982 hadi 1993, yumo bwana mmoja aitwaye Norm ambaye kila jioni anakaa baa badala ya kurudi nyumbani. Mke wake ni Vera. Norm anamfanyia mzaha, na baa nzima inacheka. Sauti yake ilisikika mara chache, na aliyeitoa alikuwa mke halisi wa mwigizaji wa Norm. Mwaka 1986 Vera alifika mlangoni hatimaye, lakini wakati huo huo watu walikuwa wakirushiana vyakula, na mkate mtamu ukampiga usoni. Hivyo hata siku aliyokuja, sura yake hatukuiona.

Katika Frasier, mchezo uliofuata Cheers na kuonyeshwa kuanzia mwaka 1993 hadi 2004, daktari Niles ana mke tajiri aitwaye Maris. Tunaambiwa ni mwembamba kupita kiasi, ana baridi kama barafu, na hawezi hili wala lile. Sifa zilizidi kuongezwa juu yake mpaka ikawa hakuna mwigizaji duniani ambaye angeweza kufanana nazo. Na katika Dad's Army, mchezo wa Uingereza wa mwaka 1968 hadi 1977, Kapteni Mainwaring, meneja wa benki anayewaamuru wanaume wote wa mji wake mdogo, anamwogopa mke wake Elizabeth. Simu ikilia ananywea. Kitu pekee tulichowahi kuona cha mama huyo ni uzito wake, godoro la kitanda cha juu lilipobonyea kuelekea kichwani pa mumewe.

Watazamaji wanacheka, nasi tukicheka hakuna ubaya. Lakini angalia, msomaji. Hawa ni wake wanne, na habari zao zote tumezipata kwa waume zao. Mmoja anasemwa vizuri, watatu wanasemwa vibaya. Hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kujibu. Pengine Vera angetueleza ni jioni ngapi chakula kimepoa mezani. Pengine Elizabeth angekuwa na lake kuhusu kuishi na mtu anayejiona jenerali. Msema pweke hakosi.

KWA NINI WAANDISHI HUFANYA HIVYO?

Si kwamba wamesahau. Kwanza, kisichoonekana hukua. Mwigizaji akisimama mbele yetu ana urefu fulani na sura fulani, basi. Lakini mtu wa kusikia tu anaweza kunenepa au kukonda, kutisha au kupendeza, kwa kadiri ya anayesikiliza. Pili, mtu akimtaja mwingine anajitaja mwenyewe. Norm akimsema Vera, tunayemjua zaidi ni Norm. Columbo akimtaja mke wake kwa furaha, tunajua kwamba huyu ana mahali pa kurudi jioni.

Hata mama hayumo nje ya jambo hili. Katika Keeping Up Appearances, mchezo wa Uingereza wa mwaka 1990 hadi 1995, Bibi Hyacinth anajivunia mwanawe Sheridan anayesoma chuoni. Kijana hatumwoni wala hatumsikii. Simu ikilia, mama anatangaza jinsi mwanawe anavyompenda, huku baba akitulia kimya, kwa sababu anajua simu hiyo ni ya kuomba fedha. Mama anamwona mwana anayemtaka. Baba anayaona matumizi. Nasi, bila kumwona Sheridan, tumewajua wazazi wote wawili.

MKE WA KWANZA

Riwaya ya Daphne du Maurier iitwayo Rebecca, ya mwaka 1938, imebeba uchungu zaidi. Msichana maskini anaolewa na bwana tajiri aliyefiwa na mke. Anapelekwa katika jumba kubwa la Manderley, na huko anamkuta Rebecca, yule marehemu, kila mahali: mwandiko wake kwenye karatasi, herufi ya jina lake kwenye vitambaa, chumba chake kilichotunzwa na mtumishi mkuu kana kwamba atarudi jioni. Kila mtu anasema Rebecca alikuwa mzuri, hodari, mcheshi. Mke mpya anajipima naye na kujiona si kitu. Sisi wasomaji hatuelezwi hata jina lake la kwanza, ilhali la marehemu ndilo jina la kitabu. Katika filamu ya mwaka 1940 iliyotengenezwa na Alfred Hitchcock, Rebecca haonekani hata kidogo.

Mwishoni mume anamweleza mkewe ukweli: hakumpenda Rebecca, alimchukia. Miezi yote ile mwanamke huyu alishindana na mtu ambaye hakuwapo, kwa sababu yeye hakuuliza na mume hakusema.

Tunafikiri wapo akina mama wengi wanaoishi na Rebecca wao. Pengine ni mke wa kwanza aliyefariki, pengine ni mchumba wa zamani, pengine ni mke wa jirani ambaye mume anamtaja kila mchuzi ukizidi chumvi. Ni vigumu kumshinda mtu asiyeonekana, maana hachoki, haugui, wala haungui wali. Kilicho rahisi zaidi ni kumuuliza mume, kwa utulivu na si katika ugomvi: unapomtaja yule, unataka kuniambia nini?

PICHA UKUTANI

Tarehe 26 Desemba 1944, mjini Chicago, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Tennessee Williams uitwao The Glass Menagerie. Ni habari ya mama mmoja, Amanda, na watoto wake wawili wakubwa katika nyumba ndogo mjini St. Louis. Mtu wa tano wa mchezo ni baba. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu, kisha akaondoka, na sasa ni miaka 16. Barua yake ya mwisho ilikuwa kadi kutoka Mexico yenye salamu na kwaheri, bila anwani. Mchezo mzima yupo ukutani, katika picha kubwa, akitabasamu.

Baba huyo hasemi neno, lakini ndiye anayeongoza nyumba. Mama anamtaja kwa huzuni na kwa hasira. Anamkazia macho mwanawe Tom akiogopa asije akafanana naye. Mwisho wake Tom naye anaondoka.

Hapa ndugu msomaji hatucheki tena, kwa sababu picha hiyo ipo katika nyumba nyingi za kwetu. Baba amekwenda mjini kutafuta kazi, au ana nyumba nyingine, au hajulikani aliko. Watoto wanamjua kwa maneno ya mama tu. Ukisema kila siku, "Wewe ni mvivu kama baba yako," mtoto wa kiume anajifunza kwamba yeye ni nusu ya mtu mbaya. Ukisema kila mwaka, "Baba atakuja Krismasi," nawe hujui kama atakuja, umemweka mtoto katika mchezo wa Samuel Beckett ulioonyeshwa mjini Paris mwezi Januari 1953. Wanaume wawili wanamngoja bwana Godot kando ya njia. Jioni inafika, kijana analetwa na ujumbe kwamba Godot haji leo, ila kesho atakuja bila shaka. Kesho yake kijana anarudi na ujumbe ule ule.

Mtoto anahitaji ukweli kwa kipimo cha umri wake. "Baba yako yuko mbali, sijui atarudi lini, na kuondoka kwake si kosa lako." Maneno hayo ni machungu, lakini mtoto anaweza kusimama juu yake.

"BABA YAKE AMEKATAA"

Katika kliniki ya wajawazito sisi wauguzi tuna mhusika wetu asiyeonekana. Ni mume. Tunamsikia kuanzia asubuhi mpaka mchana: baba hataki nipimwe, baba amesema nizalie nyumbani, baba hakubali uzazi wa mpango. Yeye mwenyewe hatujamwona.

Tumejifunza kumuulizia. Mama aliyezaa mara ya kwanza kwa upasuaji anashauriwa azalie hospitali, kwa maana kovu la tumbo la uzazi laweza kuachana wakati wa uchungu, na hapo maisha ya watu wawili yamo hatarini. Mama huyo akituambia baba amekataa, tunaomba aje naye siku ya pili, au tuzungumze naye kwa simu. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba mume amefika na kusema, "Mbona mimi sijaulizwa?" Mama alikuwa akiogopa kisu, naye akamweka mumewe mbele kama Algernon alivyomweka Bunbury. Mara nyingine mume kweli alikataa, lakini alikataa kwa sababu hakuelezwa. Akielezwa na kuonyeshwa hatari, yeye mwenyewe anatafuta nauli.

Na zipo mara nyingine, tusifiche, ambapo mama anaogopa kwa sababu anapigwa. Hapo hatumwiti mume kwanza. Mama mwenzetu, ikiwa hali yako ni hiyo, omba kuzungumza na muuguzi faraghani, ninyi wawili tu, na umwambie wazi ili usalama wako uangaliwe kabla ya jambo jingine.

Yuko na mhusika mwingine tunayemfahamu katika vikundi vyetu vya wanawake. Jina lake ni "Watu Wanasema". Huyu amevunja urafiki mwingi kuliko mtu yeyote mwenye miguu. Ukimtafuta humpati, maana aliyemleta alikuwa na neno lake mwenyewe ambalo hakuthubutu kulitia sahihi. Ni Bibi Harris yule yule, ila safari hii hakuja kusifu. Betsey Prig alikuwa mgomvi, lakini swali lake ni jema: je, mtu huyo yupo?

NENO MOJA LATOSHA

Wengi wetu tulikutana na Mabepari wa Venisi shuleni, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Ndani ya mchezo huo wa Shakespeare, Shylock ni mtu mgumu anayehesabu fedha. Binti yake ametoroka na mali, na anasikia kwamba ametoa pete kwa kubadilishana na tumbili. Ndipo anamtaja Leah, ambaye alimpa pete hiyo kabla hajaoa, na kusema asingeitoa hata kwa msitu mzima wa tumbili. Leah hakutajwa kabla ya hapo, wala hatajwi tena. Lakini kwa neno lile moja tunajua kwamba mtu huyu mkavu aliwahi kupenda, na kwamba mwanamke yule hakusahauliwa.

Basi si wingi wa kutajwa unaompa heshima asiyekuwapo, bali namna. Mama mkwe aliye kijijini, baba aliye safarini, dada wa kazi aliyeondoka, jirani ambaye hakuja kikundini leo: wote hao hawana kinywa tunapowataja. Wanakuwa vile tulivyowafanya. Kabla ya kutamka, tujiulize kama tungelisema neno hilo hilo endapo mlango ungefunguliwa naye akaingia. Na kama aweza kuitwa, aitwe, aseme lake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mume wako anapokuwa na wenzake, unadhani anakutaja kama Columbo au kama Norm? Na wewe je, unamtajaje mbele ya shoga zako?

2. Ni nani anayetajwa sana nyumbani kwako lakini watoto hawajamwona? Wanamjua kwa maneno gani?

3. Mara ya mwisho ulipoambiwa "watu wanasema", uliuliza ni nani?